Sindano za enoksaparini: miezi minne tumboni mwa baba

Baba ana saratani ya mapafu, lakini kilichotuleta kwenye sindano hizi ni mguu wake wa kushoto uliovimba ghafla. Donge la damu kwenye mshipa, na enoksaparini ni dawa ya kuzuia damu isigande. Tangu hapo mchomaji ni mimi, asubuhi na jioni.

Bomba linakuja limeshajazwa dawa, sindano yake fupi na nyembamba. Kama dozi yako ni bomba zima, kile kiputo cha hewa kiache humo humo. Mimi wiki ya kwanza nilikitoa nikamwaga na dawa. Finya ngozi ya tumbo mbali na kitovu, ingiza sindano wima hadi mwisho, sukuma polepole, na ngozi usiiachie mpaka umalize. Halafu usisugue! Mimi nilisugua kwa huruma, tumbo likajaa mabaka ya bluu. "Mwanangu, unanichoma au unanipiga?" Sasa hivi baba huhesabu mpaka kumi na kunyamaza, maana dawa huwasha ikiingia.

Mguu umenywea, viatu vinamwingia tena. Hata hivyo dawa hii haiyeyushi donge. Inalizuia lisikue, mwili wenyewe unalimaliza taratibu. Za kuyeyusha, kama alteplase, ni za hospitalini na hatari yake ya kuvuja damu ni kubwa zaidi.

Shangazi anaamini sindano inaua na saratani. Hakulitoa hewani: seli za saratani huchochea damu kuganda, na kuganda huko huzisaidia kusambaa. Miaka ya 1980 huko Marekani, warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, ilionekana kurefusha maisha ya wenye saratani ya mapafu ya seli ndogo, aina mojawapo ya saratani hiyo. Ila dalteparini, ndugu wa hii yetu, ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa 2,202 wa saratani ya mapafu, matokeo yakatoka 2016: madonge yalipungua kutoka asilimia 9.7 hadi 5.5, maisha hayakurefuka, kuvuja damu kukaongezeka. Enoksaparini yenyewe nayo ilijaribiwa kwa saratani ya seli ndogo, na mwaka 2018 jibu likawa lile lile. Kwa hiyo shangazi aliposema tuongeze dozi "ifike kifuani", nilificha boksi. Kwa dozi hii hii tu baba hutoka damu ya fizi akipiga mswaki. Tumemtafutia mswaki laini.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya kifuniko cha usalama, kinachotaka ukandamize kwa nguvu mwishoni ndipo kishuke na kufunika sindano. Mara mbili kimegoma.