Huduma ya kupakua makontena yaliyofukizwa hapa Lubumbashi

Mwezi uliopita nilipokea kontena la futi 20 la maharage kutoka Dar es Salaam, kupitia Tunduma na Kasumbalesa, na kwa mara ya kwanza nililikabidhi kwa depo moja ya hapa mjini inayojitangaza kwamba hupima gesi ya dawa ya kuua wadudu iliyofukizwa ndani kabla ya kupakua. Nilikuwa na sababu. Mwaka juzi, katika depo nyingine, tulifungua milango ya mzigo kama huo mara tu lori lilipofika, na vijana wawili waliotangulia kuingia wakatoka wakitapika, kifua kikiwabana hadi usiku. Deklaranti, yaani wakala wa forodha, alisema ni joto. Dalili hizo ni za fosfini, gesi inayotoka katika vidonge vya alumini fosfidi vinapokutana na unyevu wa hewa.

Safari hii fundi alianzia mlangoni. Alinisomea kibandiko chenye fuvu, jina la dawa na tarehe ya kufukiza, akaniwekea kidole kwenye mstari wa tarehe ya kupitisha hewa: ulikuwa mtupu, na matundu ya kontena yalikuwa bado yamezibwa kwa utepe. Kisha akapenyeza mrija mwembamba kwenye mpira wa mlango, akasubiri, akanionyesha namba. Ilizidi sehemu 2 za gesi kwa milioni za hewa, ilhali kikomo kilichozoeleka kwa mtu anayefanya kazi kutwa ni 0.3. Nilipomwambia kwamba sisikii harufu yoyote ya kitunguu saumu, ambayo husemwa kuwa ndiyo ya fosfini, alijibu, "Baba, harufu usiitegemee, sisi tunaamini hii mashine."

Kilichonigusa zaidi ni subira yao. Milango ilikaa wazi tangu asubuhi hadi alasiri, watu wakizuiwa kusimama upande unakoelekea upepo, kisha wakaifunga tena kwa muda na kupima upya, kwa sababu magunia hunywa gesi na kuendelea kuitoa polepole, hata kontena lililopimwa likaonekana safi likaweza kujaa tena. Namba ilipanda kidogo. Wakafungua upya, na kazi ya kupakua ikaanza kesho yake. Nililipia lori siku moja zaidi, wala sijutii.

Vifuko vya dawa vilivyobaki na vumbi lake la kijivu walivikusanya kwenye ndoo kwa glavu, bila kuvimwagia maji wala kuviziba, kwa kuwa mabaki hayo yanaweza kuwaka. Hata hivyo ndoo yenyewe waliiweka karibu na bomba wanapochota maji akina mama wanaouza maandazi, ikahamishwa baada ya mimi kulalamika. Hilo si dogo. Karatasi ya vipimo niliidai mara mbili ndipo nikapewa, na kibandiko cha fuvu kilibaki kwenye kontena tupu hadi nilipokibandua mwenyewe kabla dereva hajaondoka, maana yeyote atakayekikuta njiani anapaswa kuwa na hakika kwamba ndani mna gesi kweli.

Kontena langu la mchele linalokuja nitawapelekea wao, kwa sharti ambalo nimekwisha kuwaambia: karatasi ya vipimo inifikie mkononi kabla gunia la kwanza halijashuka.