MLS ya timu 30: kifurushi nyota nne, mpangilio wa kanda nyota mbili na nusu

Toka Messi atue Inter Miami Julai 2023 watu wa nyumbani Tanzania hawaachi kuniuliza kama inafaa kulipia MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani, sasa ngoja niandike rivyuu moja tumalizane. Niko Texas upande wa Dallas, timu yangu FC Dallas, na kabla hamjaanza kucheka sababu yenyewe ni Bernard Kamungo, dogo aliyezaliwa Kasulu Kigoma, familia ya wakimbizi wa Kongo, wakahamia Abilene hapa Texas, akaenda kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC ambayo ndo timu ya pili ya Dallas, akapita, akapanda hadi timu kubwa. Agosti 2023 kwenye Leagues Cup, kombe la timu za MLS na za Mexico, pale Frisco uwanjani kwetu akamtungua Miami ya Messi, mechi ikaisha 4-4 tukatolewa kwa matuta. Basi mtu wa Kigoma akifunga goli kama lile unachagua timu nyingine ya nini.

Nianze na kifurushi maana hapo sina maneno mengi. 2023 mpaka 2025 ulikuwa unalipia MLS Season Pass peke yake, dola 14.99 kwa mwezi au 99 kwa msimu mzima, kuanzia 2026 wameiua hiyo na mechi zote zimeingizwa ndani ya Apple TV ya kawaida, ile huduma ya Apple ya kuangalia mtandaoni, bila kuongeza hela, ambayo hapa Marekani ni 12.99 kwa mwezi. Mechi ZOTE. Hakuna ile ya "mechi hii haionyeshwi eneo lako" ambayo michezo mingine ya hapa inakera kupita maelezo. Picha safi, unachagua watangazaji wa Kiingereza au Kispanyola, na kuna kipindi kinachoruka uwanja hadi uwanja wakati magoli yanaingia, MLS 360, mimi hicho nakipenda kuliko hata mechi zenyewe baadhi ya wikiendi. Kasoro ni kwamba wamezipanga mechi nyingi Jumamosi saa moja na nusu usiku kwa saa za mji husika, kwahiyo zinagongana kama kumi hivi kwa mpigo, wewe macho unayo mawili. Nyota nne hapo, twende kwenye ligi yenyewe.

Ligi ndo bidhaa, app ni chupa tu. Na ligi hii ina timu 30 kwenye nchi mbili, Marekani na Kanada, toka Vancouver hadi Miami ni kama kilomita 4,500, huwezi kuiendesha kama ligi yetu ya bara ya timu 16 kila mmoja anamfuata mwenzake nyumbani na ugenini mechi 30 mchezo umeisha. Timu 30 kwa mtindo huo ni mechi 58, hakuna mchezaji atakayebaki na magoti. Kwahiyo wamegawa kanda mbili, 15 Mashariki na 15 Magharibi, unacheza na wa kanda yako nyumbani na ugenini zinakuwa 28, halafu sita unakutana na timu sita kutoka kanda nyingine, jumla 34. Kwenye karatasi ni safi kabisa na mimi sipingi kuwepo kwa kanda, jiografia haikuachii ujanja.

Ila angalia kilichotokea 2024. Kila kanda inapeleka timu tisa kwenye mtoano wa mwisho wa msimu, ambao ndo unatoa bingwa. Magharibi FC Dallas tulimaliza wa 11 na pointi 41, Austin wa 10 na pointi 42, wote nje. Mashariki Atlanta United alimaliza wa tisa na pointi 40. Arobaini! Akaingia. Na hajaishia hapo, akamtoa Montréal, halafu akamtoa Inter Miami aliyekuwa ametoka kuweka rekodi ya ligi ya pointi 74. Sasa niambie, msimu mzima wa Februari mpaka Oktoba ulikuwa unapima nini? Mwenye 74 katolewa na mwenye 40, na mwenye 40 kaingia wakati mwenye 42 kakaa nyumbani anaangalia kwenye TV kwa sababu tu mji wake uko upande mwingine wa mstari. Na msije na ile hoja ya Magharibi ilikuwa laini mwaka ule, wa tisa wa Magharibi alikuwa Portland na pointi 47, ukimpeleka Mashariki na pointi hizo analingana na wa saba.

Sijalalamika sababu ni timu yangu (sawa, kidogo). Shida yangu ni mstari wenyewe. Dallas kwenda Nashville ni kama kilomita 1,000, Dallas kwenda Vancouver ni karibu 2,800, lakini Vancouver tunaye kila mwaka kwenda na kurudi na Nashville tunaweza kumaliza msimu hatujamwona. Mechi za Portland na Seattle zikichezwa kwao zinaanza saa tatu na nusu usiku kwa saa za huku, mtoto wa miaka kumi haangalii hiyo, na ndo hao hao ligi inasema inataka wawe mashabiki wa kesho. Na kuna ishu ya Messi, maana ukikutana na timu ya kanda nyingine ni mara moja tu kwa msimu, nyumbani AU ugenini. 2025 sisi tuliangukia ugenini, tukaenda Florida tukashinda 4-3, raha tupu, lakini mtu wa Dallas anayetaka kumwona Messi kwenye ligi uwanjani kwake mwaka ule hakuwa na njia. Sporting Kansas City wao 2024 waliangukia nyumbani, wakahamishia mechi Arrowhead kwenye uwanja wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, wakaingiza watu 72,610. Mechi moja! Kwahiyo ratiba siyo usawa wa pointi tu, ni hela, na inagawiwa kama bahati nasibu.

Jinsi walivyofika hapa nayo ni hadithi. 1996 walianza timu 10, tano huku tano kule. 1998 wakaongeza Chicago Fire na Miami Fusion, Chicago wakabeba kombe msimu huohuo wa kwanza. 2000 wakajaribu kanda tatu, wakaweka na ya Kati, ikaishi misimu miwili tu maana baada ya 2001 Miami Fusion na Tampa Bay Mutiny zilifungwa kwa hasara, wakarudi 10. Cha ajabu Fusion ndo walikuwa wametoka kuongoza ligi nzima msimu ule. Unamaliza wa kwanza halafu wanafunga duka.

Halafu mambo yakageuka. Toronto aliingia 2007 kwa ada ya dola milioni 10, Charlotte akaingia 2022 kwa milioni 325, San Diego 2025 kwa milioni 500. Hapo ndo utaelewa kwa nini hakuna kushuka daraja na usipoteze muda kusubiri, nani alipe nusu bilioni halafu mwaka wa pili aambiwe kashuka. (USL, ligi nyingine ya hapa, wamepiga kura 2025 waanzishe kupanda na kushuka, wanalenga 2028, hao nawafuatilia kwa karibu.)

Lakini kila timu ikiongezwa mstari unasogezwa, na anayesogezwa haulizwi. Houston, mji wa Texas, ilikuwa Mashariki mpaka walipoingia New York City na Orlando 2015, ndo ikarudishwa Magharibi pamoja na Kansas City. Nashville ndo kachezewa zaidi: 2020 kaingia kawekwa Magharibi, korona ikaja kahamishiwa Mashariki, 2022 Charlotte kaingia yeye karudishwa Magharibi, 2023 St. Louis kaingia yeye karudi tena Mashariki. Sasa hapo upinzani unajengwa saa ngapi? Watani wa jadi hawatengenezwi kwa misimu miwili miwili.

Sasa habari njema. Ligi imeshapitisha kubadili kalenda, Februari mpaka Mei 2027 utakuwa msimu mfupi wa mechi 14, halafu Julai 2027 wanaanza mtindo wa Ulaya mpaka Mei, katikati mapumziko ya baridi. Na kwa mujibu wa ripoti zilizotoka pamoja na hiyo, kanda mbili zinakufa, unakuja msimamo mmoja wa timu zote na makundi matano ya timu sita sita. Piga hesabu uone ilivyokaa: watano wa kundi lako nyumbani na ugenini ni 10, waliobaki 24 mara moja moja, jumla 34 ileile. Kila timu inakutana na kila timu! Hii ndo walitakiwa waifanye zamani, mimi hapa nimewavulia kofia.

Kazi ipo kwenye kuchora makundi, nimejaribu kwenye karatasi. Kaskazini mashariki rahisi: Montréal, Toronto, New England, timu mbili za New York, Philadelphia. Kusini mashariki: DC, Charlotte, Atlanta, Orlando, Miami, Nashville. Katikati: Columbus, Cincinnati, Chicago, Minnesota, St. Louis, Kansas City. Mpaka hapo raha. Wamebaki 12 na hapo ndo kichwa kinauma, maana pwani ya Pasifiki wako saba: Vancouver, Seattle, Portland, San Jose, Galaxy, LAFC, San Diego. Halafu Texas na milimani tuko watano, sisi, Houston, Austin, Colorado na Salt Lake. Mmoja wa pwani lazima avuke aje kwetu. Vancouver, Seattle na Portland huwezi kuwatenganisha, wana kombe lao la mashabiki wataandamana. Timu mbili za Los Angeles zina dabi, huzigusi. Anabaki San Jose au San Diego, na mgeni siku ya tatu mpe jembe, mimi naona San Diego ndo atapewa jembe pamoja na milioni zake 500, na kumbuka huyu msimu wake wa kwanza kamaliza kinara wa Magharibi, kwahiyo atakuja kwetu atusumbue. Karibu tu, kwa ndege ni karibu kuliko Vancouver.

Kinachonitia wasiwasi ni mtoano. Kama mwisho wa siku timu 18 kati ya 30 bado zinaingia, na raundi ya kwanza bado ni ile ya mechi tatu ambayo sare haipo mnakwenda moja kwa moja kwenye matuta, basi hata msimamo mmoja utakuwa pambo. Wakipunguza ziwe 12 nawaongezea nyota nzima.

Kwa walio nyumbani mnaotaka kujaribu: angalia kwanza kama akaunti yako inakubali huko ulipo, lipa kwa mwezi usilipe mwaka, na anza na mechi za Magharibi. Kipindi cha kiangazi mechi ya Miami inaanza saa nane na nusu usiku kwa saa za Dar, hiyo waachie bodaboda na walinzi, ila ya Seattle au LA inakukuta saa kumi na moja na nusu alfajiri, unaamka, unachemsha chai, unaangalia kipindi cha kwanza chote kabla hujaenda kugombania daladala.