Chambo bandia cha mdomo wa mto Sabaki, Malindi: tazama pete kwanza

Malalamiko ya siku hizi yamekuwa ya aina moja. Msomaji wa Mambrui ametuma picha ya chambo bandia kilichorudi bila ndoana hata moja. Mwingine wa Mayungu anaapa ni mzia aliyezikata. Jamani, mzia hukata nailoni, hatafuni chuma. Kilichowaponza wote wawili ni pete, kile kiduara cha waya uliozungushwa mara mbili, kinachoshikanisha ndoana na mwili wa chambo.

Dukani nani huitazama? Sote twageuza chambo juani, twasifu macho na mgongo unaometa. Rangi siigusi leo. Sabaki ikishusha tope la mvua, maji huwa kama chai ya maziwa, na hapo kolekole hufuata mtikisiko kuliko sura. Urefu nao kila mtu ana wake. Lakini pete laini hufunguka samaki akizungusha kichwa, na ile iliyopakwa mng'aro juu juu ikikwaruzika tu, chumvi hupenya na kutu huanzia ndani usikoona.

Ipime hapo hapo dukani: penyeza ukucha wa kidole gumba kati ya mizunguko yake. Ikiachama bila ukucha kuuma, mrudishie mwenyewe. Ukishanunua, ilaze usiku mmoja kwenye maji ya bahari. Ikiamka na wekundu, usiipeleke kwenye mikoko, kwa maana chewa au kungu akishaingia mizizini ni kuvutana kwa nguvu zote.

Aina ya chambo ninayoipenda, wala sifichi, ni Halco Laser Pro ya sentimita 12. Yatoka Australia, mwili wake plastiki ngumu, na imekuja na pete na ndoana za kazi ya baharini. Hubadilishi kitu, watoa kwenye pakiti wafunga. Kuna ya kuzama kidogo na ya kuzama sana. Kwa mdomo wa mto chukua ya kwanza, la sivyo utalima mchanga. Itupe maji yakianza kupwa, uivute kwenye mstari ambapo maji ya tope yanakutana na maji safi, maana kolekole na mzia huzunguka hapo wakingoja dagaa wanaosukumwa nje. Usiingie majini kiunoni, Sabaki ina viboko na mamba.

Ya pili ni Rapala X-Rap ya maji chumvi. Siyo ile ya zamani ya mti wa balsa, ambayo jina hilo la Finland limejengwa juu yake: hiyo huogelea kwa madaha kuliko zote, ila balsa na meno ya mzia havipatani, na ndoana zake ni nyembamba.

Ya tatu ni samaki wa mpira wa ZMan kwenye ndoana yenye kichwa cha madini ya risasi. Hiyo haina pete kabisa, basi ugomvi umekwisha. Adui yake ni bunju, anayekata mkia kipande kipande. Na usiichanganye na mipira ya kampuni nyingine kwenye kisanduku kimoja: itayeyukiana iwe uji.

Vya bei ya soda? Nunua mwili, chuma chote tupa.

Sasa wauzaji. Kuna duka hapa Malindi ambalo bei hutoka baada ya kutazamwa viatu. Ukivaa ndara ni bei moja, ukifuatana na mgeni ni nyingine, na chambo ni kile kile. Kisha vipo vile vilivyokwisha burutwa na maboti ya watalii, vikasuguliwa na kurudishwa kwenye pakiti. "Mama, hii orijino." Orijino ilikuwa, msimu wa kaskazi uliopita! Angalia tundu la pete puani: likiwa limechakaa upande mmoja, hicho kimeshavua.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wanakuuzia chambo cha maelfu, lakini pete zenyewe, ambazo pakiti nzima haifiki bei ya chambo kimoja, hawaleti. Ukiuliza, wakwambia ununue kingine. Mwenye kujua duka la Malindi linalouza pete peke yake, za chuma kisichoshika kutu, aniambie, na mie nitalitaja hapa bure.