Nimelala na piramidi ya orgonaiti mwezi mzima

Bei kwanza, maana najua ndiyo inayotafutwa: shilingi 95,000, na bodaboda akachukua 5,000 yake.

Mwaka jana walisimika mnara wa simu kiwanja cha tatu kutoka kwangu, Tabata. Sikuwa na neno nao hadi usingizi ulipoanza kunipiga chenga. Naamka saa nane usiku, naikodolea macho ile taa nyekundu dirishani mpaka adhana ya alfajiri. Shemeji akanipa namba ya dada mmoja anayeuza vitu vya "nishati ya uhai", akisema mnara ndio unaoninyonya.

Mzigo ulifika umefungwa vizuri, hilo nampa. Piramidi ya urefu wa kiganja, resini ya zambarau (gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu kama plastiki), ndani yake vipande vya shaba, chenga za alumini kama zile zinazodondoka kwa mkereza vyuma, na katikati jiwe la kwatzi. Mwanangu alidhani ni keki ya jeli. Kwa urembo sina ugomvi nayo.

Maelezo ya kazi yake yalikuja kwa sauti za WhatsApp, kila moja dakika nne. Kwa kifupi: kuna nishati iitwayo orgoni, ndiyo iliyoipa orgonaiti jina, imejaa kila mahali. Resini inaivuta, chuma kinaivuta na kuisukuma, na humo katikati ile mbaya ya mnara inageuka kuwa nzuri. Tena resini ikikauka husinyaa, hulibana jiwe la kwatzi, nalo hutoa umeme.

Hili la kwatzi lina chembe ya ukweli. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba baadhi ya mawe ya namna hii yakibanwa hutoa chaji. Ila chaji huja pale mbano unapobadilika. Chukua kiwashio cha jiko la gesi, kile cha kubonyeza, kinachofuata kanuni hiyohiyo: ukibonyeza, cheche moja. Endelea kukishikilia mpaka kesho, hutaona ya pili. Jiwe lililobanwa palepale tangu resini ilipokauka ni kiwashio kilichokwisha kubonyezwa.

Sasa nisiwe mnafiki. Wiki ya kwanza nililala. Nililala kweli, mpaka mke wangu akanigusa kuona kama napumua. Nikamtumia muuzaji ujumbe wa shukrani, na nadhani mpaka leo anauonyesha wateja.

Kilichonitia shaka ni karatasi ya maelekezo iliyokuja ndani ya boksi. Weka piramidi kichwani pa kitanda. Zima simu saa moja kabla ya kulala. Usinywe chai wala kahawa baada ya magharibi. Chumba kiwe na giza. Mimi niliyafuata yote kama dozi, hadi nikashona pazia zito, taa ya mnara ikapotea. Nimebadilisha mambo manne kwa mpigo, halafu sifa zote nazipeleka kwa keki ya jeli?

Mke wangu ni mwalimu wa hesabu na hana subira na mambo ya namna hii. Akatafuta maboksi mawili yanayofanana, moja akaweka piramidi, jingine kipande cha tofali cha uzito uleule, akayafunga kwa gundi ya karatasi. Kila jioni, mimi nikiwa bafuni, alirusha sarafu ya shilingi 200 na kuweka boksi moja chini ya kitanda. Jingine lilikwenda kwa Mama, nyumba ya uani. Asubuhi naandika alama ya usingizi juu ya 10, na kubahatisha ni boksi lipi. Usiku 20. Nilipatia mara 9. Wastani wa usingizi kwa piramidi ulikuwa 6.8, kwa tofali 7.1.

Nikaanza kusoma habari za huyo orgoni mwenyewe. Aliyemleta ni Wilhelm Reich, daktari aliyezaliwa 1897 katika dola ya Austria na Hungaria, mfuasi wa Sigmund Freud, yule daktari wa mambo ya nafsi, kule Vienna, akahamia Marekani 1939. Huyu hakuwa na habari za resini. Piramidi hizi zimekuja miaka mingi baada ya kifo chake. Yeye alijenga makabati: nje mbao, ndani bati, katikati tabaka za sufu na chuma, mgonjwa anakaa humo akisharabu nishati. Ushahidi wake mmoja ulikuwa kwamba hewa juu ya kabati ina joto kuliko ya chumba. Januari 1941 akampelekea habari hizo mwanafizikia Albert Einstein, wakazungumza saa nyingi, na Einstein akakubali kupima mwenyewe. Joto kweli likatofautiana! Kisha msaidizi wake akamkumbusha kwamba hewa ya moto hupanda, hivyo juu na chini ya chumba hapawezi kulingana. Einstein akapima tena, akaridhika, akamwandikia Reich mwezi Februari kwamba kwake suala limekwisha.

Mimi nyumba yangu ni ya bati bila dari. Nilifunga kipimajoto kwenye papi, kingine nikakiacha sakafuni, saa nane mchana. Tofauti nyuzi 6. Piramidi ilikuwa kwa Mama.

Mwisho wa Reich unasikitisha. Mahakama ilimkataza kusambaza makabati mwaka 1954, amri ikakiukwa, 1956 serikali ikachoma vitabu vyake kwa tani, na yeye akafia gerezani Novemba 1957. Kuchoma vitabu ulikuwa upumbavu mtupu, na mpaka leo wauzaji wanaishi humo: "Kama ni uongo, mbona walimfunga?"

Lakini kuna jambo ambalo dada yetu hakunieleza, labda halijui. Mwaka 1951 Reich aliweka rediamu kidogo, madini yanayotoa mionzi, ndani ya kabati lake akitumaini orgoni itaituliza mionzi. Kwa maelezo yake mwenyewe matokeo yalikuwa kinyume: watu wa maabara wakaugua, naye akahitimisha kwamba orgoni ikichokozwa na mionzi hugeuka sumu. Mawimbi ya mnara wa simu ni kitu tofauti kabisa na rediamu, najua. Ila anayeuza kwa hoja kwamba mnara unatoa mionzi ya hatari, basi kwa nadharia ya mwenye orgoni yake, hiki ndicho kitu cha mwisho kukiweka chini ya kitanda changu.

Nilimtumia muuzaji matokeo na kuomba hela yangu. Jibu lilichukua siku tatu: moyo wangu una mashaka, mashaka hufunga mkondo, na kwa mnara ulio karibu kiasi kile nilipaswa kuchukua saizi kubwa, 180,000. Hela hairudi.

Nyota mbili kati ya tano, zote za ufungashaji na rangi. Hivi sasa inakandamiza risiti kaunta dukani, nzito vya kutosha hata feni ikiwa namba tatu. Karatasi ya maelekezo iko ukutani chumbani. Mstari wa piramidi mke wangu ameufuta kwa kalamu nyekundu.