Sringaram: ukiipenda ngoma, vumilia mwendo wake

Niseme mapema ili mtu asije akanilaumu: humu hakuna steringi. Ukikaa unasubiri kijana atokee amtandike mwenye ardhi na kuondoka na binti, utasubiri mpaka majina ya mwisho yapite. Sringaram ni filamu ya Kitamil, ilifika kwenye majumba ya sinema mwaka 2007, na inafuata maisha ya Madhura, mcheza ngoma wa hekalu katika miaka ya 1920 kusini mwa India. Imeongozwa na Sharada Ramanathan.

Wanawake kama Madhura waliitwa devadasi. Waliozwa kwa mungu wa hekalu, na kwa kuwa mume wa namna hiyo hafi, hawakuhesabika kuwa wajane kamwe. Watu waliwataka kwenye harusi kwa ajili ya baraka. Walifundishwa kuimba, kucheza na mashairi. Lakini mungu hatoi pesa ya matumizi. Anayetoa ni tajiri mwenye mashamba, naye si kama shabiki anayemtunza mwimbaji wa taarabu kisha akarudi kukaa kwenye kiti chake. Huyu akitoa, anadai. Madhura anataka kucheza kwake kuwe ibada, na bwana mkubwa (Manoj K. Jayan) anaona ameshalipia vyote, ngoma na mwenye ngoma.

Kilichonifunga kwenye kiti ni ngoma yenyewe. Aditi Rao Hydari, ambaye wengi tumemjua baadaye kwa filamu ya Padmaavat na tamthilia ya Heeramandi, hapa bado ni mchanga kabisa, ila ngoma anaijua kwelikweli, bharatanatyam, ngoma ya jadi ya kusini mwa India, ameisomea. Tazama macho, usitazame miguu tu. Mkono unasema jambo, jicho linalifuata, na njuga zinakuja kulithibitisha. Aliyezipanga ngoma hizo ni Saroj Khan, yule yule aliyepanga ngoma ya wimbo mchangamfu wa Bollywood, "Ek Do Teen". Sikutegemea utulivu huu kutoka kwake. Alipata Tuzo ya Taifa ya Filamu kwa kazi hii, pamoja na mpiga picha Madhu Ambat na bingwa wa fidla Lalgudi Jayaraman aliyetunga muziki. Vaa spika za masikioni, tafadhali. Simu pekee itakunyima nusu ya utamu.

Lawama yangu ni kwamba filamu ni nzuri mno machoni. Kila taa, kila hariri, kila ua kichwani limepangwa likapangika, hata unyonge wenyewe unaanza kupendeza, na hilo halikunikaa vizuri. Miaka ile mambo yalikuwa yanawaka. Daktari Muthulakshmi Reddy, ambaye mama yake mwenyewe alitoka kwa devadasi, aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Madras, jimbo la kusini mwa India enzi hizo, mwaka 1927 akaanza kupigania wasichana wasiwekwe tena wakfu mahekaluni. Sheria ya Madras ya kukataza jambo hilo ikapita mwaka 1947. Wakati huohuo ngoma ilihamia jukwaani: mcheza ngoma Rukmini Devi Arundale alianzisha shule ya sanaa ya Kalakshetra mwaka 1936, mabinti wa familia za tabaka la juu wakajifunza, ngoma ikapata heshima. Wenyewe walioitunza kwa vizazi wakabaki na aibu. Ndiyo maana kumwona Madhura akicheza mtindo uliokwisha kusafishwa kwa ajili ya jukwaa kulinipa mawazo mengi kuliko mazungumzo yenyewe. Ningependa ugomvi huo ungeingia zaidi kwenye hadithi, hata kama ungechafua picha kidogo.

Mwendo ni wa polepole. Mke wa kaka yangu alisinzia katikati, na simlaumu. Nakala niliyoipata ilikuwa na maandishi ya Kiingereza kwenye mazungumzo tu. Nyimbo ziliachwa hivihivi, na humo ndimo Madhura anamosema mengi.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Watoto wadogo walale kwanza.