Jiko la nyumba ya kuuza: chokaa au marumaru?

Kwa bei, chokaa haina mpinzani: ndoo, brashi na fundi mmoja, mradi masizi ya mkaa yasuguliwe kwanza. Ila ukiegemea ukuta unatoka na nguo nyeupe, na mchuzi ukiruka, doa halitoki. Marumaru unapitisha kitambaa tu.

Mji Mkongwe wa Zanzibar, Urithi wa Dunia tangu 2000, ni habari nyingine. Kuta zake za mawe na chokaa zinapumua. Ukizifunika kwa saruji na marumaru, unyevu hukwama ndani na plasta huanza kubanduka. Na ukarabati huko una vibali vyake. Kwa nyumba ya matofali kule Fuoni, nje ya Mji Mkongwe, pesa ikiwepo, marumaru nyuma ya jiko na sinki yanatosha. Makabati mimi nisingeyagusa.