Tiba shufaa ya nyumbani: huduma nzuri, fomu iliyochelewa
Huduma hii ya tiba shufaa, yaani matunzo ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, iliyomtunza baba yetu nyumbani hadi alipofariki, inastahili sifa hasa kwa namna ilivyodhibiti maumivu: mofini ya kunywa (dawa kali ya maumivu) ilitolewa kwa saa maalumu bila kusubiri maumivu yarudi, na muuguzi alitueleza kwamba dozi iliyopimwa vizuri haiharakishi kifo, hofu ambayo karibu kila ndugu alikuwa nayo. Daktari naye alitenganisha mambo yanayochanganywa mno, yaani haki ya mgonjwa kukataa mashine ya kupumulia, ambayo sheria za nchi nyingi huitambua, na daktari kukatisha uhai wa mgonjwa kwa ombi lake, jambo ambalo sheria ya Uholanzi iliruhusu kwa masharti kuanzia mwaka 2002 lakini kwingi bado ni jinai. Baba alipouliza kuhusu hilo la pili hakukemewa. Aliulizwa anachokiogopa, naye akajibu kuwa ni kukosa pumzi, shida inayoweza kupunguzwa kwa dawa. Kasoro ni moja, wala si ndogo: fomu ya maagizo ya awali ya matibabu, ambamo mgonjwa huandika mapema matibabu anayoyataka na asiyoyataka, ililetwa fahamu zikiwa zimeanza kumpotea, uamuzi ukatuangukia sisi watoto, ambao (kusema kweli) hatukuwa na kauli moja. Anayeifikiria huduma hii aiombe fomu hiyo mapema, mgonjwa angali anaweza kujisemea.